Mashuka ya Mama Povu

Mtaa mzima hakukuwa na mtu aliyejua kunyamaza kama yeye. Hilo alilisema mwenyewe, na alilisema dukani, bombani, kwenye foleni ya zahanati, na siku moja alilisema msibani, wakati wenzake wote wamenyamaza. Ndipo wakamwita Bi Kimya. Jina la kejeli humganda mtu kuliko lile alilopewa na wazazi wake, na yeye hakulikataa. Alisema ni heshima.

Kwa sababu ya jina hilo, au kwa sababu ya mvi zake, wazazi walimchagua kuwa mjumbe wao kwenye bodi ya shule. Diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa bodi hiyo, alifurahi kupita kiasi. Alipiga hesabu zake vizuri tu: kikongwe aliyeishia shule ya msingi atakuja, atakunywa chai, atasinzia, na akiguswa bega wakati wa kura atanyoosha mkono. Kwa vikao vya mwanzo diwani hakukosea sana. Chai ya pale ilikuwa nzuri.

Lakini asubuhi ya kikao hiki Bi Kimya hakuwa na hamu ya chai ya mtu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameupakata mkono wa mjukuu wake, anaupaka mafuta polepole, na kila alipofika kwenye vidole alikuwa akizuia pumzi kama anayetembea juu ya vigae vya chupa. Ngozi ya vidole ilikuwa imebambuka. Katikati ya kidole na kidole palikuwa pekundu, pabichi. Msichana alikuwa hawezi kushika kalamu kwa muda wa kumaliza mstari mmoja.

"Inauma, mke mwenzangu?" Bi Kimya aliuliza. Alimwita hivyo tangu alipozaliwa, maana babu yake alikuwa mmoja na walimgombania.

"Haiumi."

Lilikuwa neno la kwanza tangu waamke. Na hapo ndipo hasa Bi Kimya alipoumia. Zamani mtoto huyu alikuwa akisema kama bibi yake, wanapokezana, mmoja akivuta pumzi mwingine anaingia, hata majirani waliwazoea kama watu wanavyozoea mashine ya kusaga. Sasa nyumba ilikuwa na msemaji mmoja, na huyo mmoja alikuwa amechoka kujijibu.

Mambo yalianza kwa shangwe, kama mambo mengi yanayokuja kuharibika. Diwani aliwaita wazazi uwanjani, akawatangazia Mpango wa Ustawi na Stadi za Kazi. Wanafunzi wa darasa la mwisho wangefundishwa kazi za mikono, kila mmoja achague anayoipenda, na wangetunzwa pia mioyo yao, wasije wakawa na msongo wa mawazo. Wazazi walipiga makofi. Bi Kimya alipiga makofi mpaka viganja vikawasha, na kila alipokumbuka makofi yale alitamani kuyarudisha mfukoni.

Mjukuu alichagua ufundi umeme. Hakuna aliyeshangaa, kwani ndiye aliyeifufua redio ya bibi yake, ambayo tangu hapo ilikuwa ikishika kituo kimoja tu lakini inakishika kwelikweli. Karakana ya shule ilipakwa rangi, ikatiwa kufuli. Fundi umeme hakuonekana. Baada ya muda wakaambiwa kwamba wakati wanamsubiri fundi, wasichana wataanza na somo la usafi na ukarimu, na somo hilo halifundishwi shuleni. Linafundishwa nyuma ya soko, kwa Mama Povu.

Mama Povu alikuwa mke wa diwani. Alikuwa na udobi mkubwa kuliko wote hapo mjini. Alifua mashuka ya nyumba za wageni na mashuka ya hospitali, na ya hospitali ndiyo yaliyompa jina, kwa ile dawa kali ya kung'arisha iliyokuwa ikiumuka povu mpaka njiani. Wasichana walikuwa wakipelekwa huko saa za hesabu. Walikuwa wakitumbukiza mikono mitupu kwenye mabeseni yale, wakisugua damu za watu wasiowajua na mambo mengine ya wagonjwa ambayo si ya kuandikwa, na jioni walirudi nyumbani wakinuka dawa mpaka kwenye nywele.

Mjukuu alilalamika kwa mwalimu mkuu. Akaambiwa hakuna fundi aliyezaliwa na bisibisi mkononi, wote walianza kwa kufagia. Akaendelea kwenda. Kisha siku moja mikono ilipokataa kukunjika, akaamua kubaki darasani, akakaa kwenye dawati lake akafungua daftari la hesabu. Hilo ndilo kosa lake lote. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba anayekataa mafunzo ni mtovu wa nidhamu, na mtovu wa nidhamu hawezi kufanya mtihani wa mwisho. Akamrudisha nyumbani akae hadi bodi imwamulie.

Na bodi ilikuwa inakaa leo. Wakinyoosha mikono, mtoto hana mtihani, na asiye na mtihani mlango wa chuo cha ufundi atauona kwa nje, kama watu wanavyoona ikulu.

"Bibi," msichana alisema, "ukifika huko usiseme kitu. Ukisema ndipo watanifuta kabisa."

"Mimi? Mimi si mtu wa kunyamaza?"

Msichana alitaka kucheka. Midomo ilianza, ikafika nusu ya njia, ikarudi. Kicheko kile kilichokufa njiani kilimpandisha Bi Kimya hasira ambayo machozi hayakuwahi kumpandisha. Alifunga kitambaa chake kichwani kwa fundo la watu wanaokwenda kupigana, akatoka.

Hakwenda shuleni moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya soko.

Pale kwa Mama Povu mtaro ulikuwa ukikatiza mbele ya lango, umejaa maji ya kijivu yenye povu zito, na ubao wa kuvukia ulikuwa umechukuliwa na mtu wa kuni. Bi Kimya hakupoteza wakati kuutafuta. Alitazama huku na huku, akakusanya gauni lake mapajani, akaruka. Alitua upande wa pili na vumbi likatimka.

Ndani, kamba zilikuwa zimevuka uwanja kutoka ukuta hadi ukuta, na leo zilikuwa tupu. Mashuka yalikuwa chini, mlima juu ya mlima, mengine yamefika mlangoni. Mabeseni yalikuwa yamepangwa kwenye mstari na mbele ya kila beseni kulikuwa na jiwe la kukalia, dogo, la kimo cha mtoto. Bi Kimya aliyaangalia mawe yale. Alitafuta kwa macho lipi lilikuwa la mjukuu wake, na ukelele ukampanda kutoka tumboni, ukafika kooni, ukafika kwenye meno. Akaufungia hapohapo.

Mama Povu mwenyewe alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono imezama hadi viwikoni, jasho linamdondoka puani. Haki ya mtu mpe: hakuwa mvivu. Na hakuwa na habari kwamba anatenda ubaya, kwa kuwa mume wake alikuwa amemwambia wazazi ndio waliomlilia awachukue watoto wao awafunze kazi.

Bi Kimya alimsalimu kwa sauti ya asali. Akamuuliza, "Mwanangu, mbona uko peke yako leo? Wale wasaidizi wako?"

Mama Povu alinyooka akishika kiuno. Alisema hata yeye anashangaa, wasichana hawakuja, mume hapokei simu, na hospitali wanataka mashuka yao leo. Alimwuliza mama mkubwa kama amesikia lolote huko njiani.

Basi Bi Kimya alitikisa kichwa kama mtu aliyebeba siri nzito isiyo yake. Akasogea. Akamwinamia sikioni akamnong'oneza kidogo, halafu akanong'oneza kidogo tena, halafu akasema kwa sauti ya kawaida, "Lakini mimi usinitaje, mwanangu. Mimi ni mtu wa kunyamaza."

Shuka likamponyoka Mama Povu likaangukia matopeni. Hakuliokota.

Bi Kimya aliruka mtaro kurudi alikotoka.

Alifika shuleni kikao kimeshaanza. Nyuso zote za ofisi ya walimu zikamgeukia mlangoni, na yeye akashika fremu ya mlango, akakunja uso.

"Bibi yetu," diwani alisema, "tulidhani umetutoroka."

"Ni goti, Mheshimiwa. Limenishika njiani, nimekuja navuta mguu kama mkokoteni uliong'oka gurudumu. Mnisamehe."

Walimsamehe, tena kwa huruma. Fundi viatu, ambaye alikuwa mjumbe mwenzake wa wazazi, alimvutia viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kulazia mguu, akavua na koti lake akaliweka chini ya kisigino. Bi Kimya alivuka chumba akichechemea. Alianza na mguu wa kushoto, na alipofika katikati akakuta anachechemea wa kulia, lakini kwa neema ya Mungu wote walikuwa wanaangalia chai.

Kulia kwa diwani aliketi afisa elimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani na uso wa mtu aliyekwisha kusomewa taarifa nyingi. Yeye ndiye aliyetakiwa kuubariki mpango ili uendelee, na uenezwe kwenye shule nyingine. Leo kwa heshima yake shule nzima ilikuwa darasani, sare zimepigwa pasi, wasichana wa darasa la mwisho wamepangwa safu ya mbele wakiwa na mikono chini ya madawati.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, cheupe cha kuumiza macho. Bi Kimya alipoinamia kikombe chake, harufu ilimpiga. Ilikuwa dawa ileile. Hii ndiyo harufu iliyokuwa ikilala naye chumba kimoja, kwenye mto, kwenye nywele za mtoto. Akaona wazi ni mikono ya nani iliyokifua kitambaa kile, na sasa watu wazima walikuwa wanakidondoshea makombo ya mkate wakizungumza ustawi. Akasukuma kikombe mbali.

Mwalimu mkuu alikuwa anasoma taarifa. Alisoma vizuri, ana sauti. Alieleza kwamba ustawi wa wanafunzi umepimwa kitaalamu: waliulizwa wote kwenye paredi ya asubuhi, mwenye furaha anyooshe mkono, na mikono yote ilinyooka. Hakueleza kwamba aliuliza akiwa na fimbo kwapani. Akaendelea kwamba chumba cha ushauri nasaha kimefunguliwa, kina pazia na picha ya maua, na tangu kifunguliwe hajaja mwanafunzi hata mmoja kutaka ushauri, jambo linaloonyesha jinsi wasivyo na matatizo. Funguo za chumba anazo yeye mwenyewe, kwa usalama.

Katikati ya ustawi simu ya diwani iliita. Diwani hakuwa mtu wa kutoka nje kuongea na simu. Alikuwa na mtindo wake, mji mzima waliujua: simu huiweka mezani mbele yake, huibonyeza iongee kwa spika, kisha huegemea kiti, ili kila aliyepo asikie anavyoitwa Mheshimiwa. Alifanya hivyo sasa. Sauti ya mkandarasi fulani ikajaa chumbani, Mheshimiwa hiki, Mheshimiwa kile, tunakutegemea wewe Mheshimiwa. Diwani akamjibu kwa upole wa mfalme, akakata, akawaambia wajumbe wamwie radhi. Tena akamdokeza afisa kwamba hata mheshimiwa mbunge ameahidi kupiga wakati wowote, angependa kumsalimu.

Afisa akasema atashukuru. Kisha akauliza mafunzo yenyewe yanafanyikia wapi.

Diwani akasema karakana. Afisa akasema angependa kuiona. Diwani akamtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akatazama dari, ikajulikana kwamba funguo za karakana ziko kwa mlinzi, na mlinzi amefiwa.

"Amefiwa tena?" Bi Kimya aliuliza. "Masikini, ukoo wake sasa utabaki na nani? Kila tukitaka funguo anakufa mtu."

Afisa alimtupia jicho. Diwani alicheka, akasema bibi yetu hana breki. Akapeleka mambo mbele haraka, kwenye ajenda ya mwisho, ya mwanafunzi mmoja tu mtukutu kati ya wote waliofurahi. Mwalimu mkuu alimsoma: amekataa mafunzo, anachochea wenzake, pendekezo ni kwamba asifanye mtihani.

Bi Kimya alimgeukia fundi viatu. Huyu naye alikuwa na binti kwenye mabeseni yale. Jana tu, kwenye kibanda chake, alikuwa ameapa mbele ya nyundo na gundi kwamba kikaoni atasimama naye bega kwa bega. Lakini kibanda kile kimejengwa kwenye kiwanja cha serikali, na diwani ndiye anayesema nani akae na nani aondoke. Sasa fundi viatu alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake, kama mtu aliyepata mteja.

Hivyo Bi Kimya akasimama peke yake, mguu mgonjwa na mguu mzima yote chini.

"Mheshimiwa, nimesikia mnasema mtukutu," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, na waliomzoea wakaogopa. "Huyo mtukutu ni mjukuu wangu. Asubuhi hii nimemlisha kwa kijiko, mtoto mwenye mikono miwili, kwa sababu vidole havikunjiki. Vimeungua kwa dawa ya kufulia mashuka ya hospitali. Alichagua umeme. Nyinyi mkampeleka akaloweke mikono kwenye damu za watu, saa za hesabu, mkaita ukarimu. Hata punda huulizwa kwa kiboko kama amechoka. Huyu alipochoka mkamwambia hatafanya mtihani. Nataka mniambie hapa, mbele ya mgeni: umeme wake uko wapi?"

Diwani alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema uzee ni kitu cha kuheshimiwa, na maumivu ya goti humpanda mtu kichwani. Alisema uvumi huu anaujua, unaletwa na wapinzani wake. Kisha akaweka mkono kifuani, akamwangalia afisa machoni.

"Mke wangu ana biashara yake ya udobi, kweli, na ana vibarua wake watu wazima. Hajawahi kupokea mwanafunzi. Hata mmoja, hata siku moja. Naapa mbele yenu."

Mwalimu mkuu akaongezea kwamba yeye kama mlezi wa shule ameichunguza ile mikono, na maoni yake ni kwamba ni upele wa uchafu, unatokana na malezi ya nyumbani.

Hapo matusi aliyoyajua Bi Kimya, na aliyajua mengi, yalisimama foleni ulimini mwake yakisukumana. Uchafu. Mtoto aliyesugua uchafu wa mji mzima mpaka ngozi ikamtoka, leo ndiye mchafu. Alishika ukingo wa meza na kitambaa kikajikunja ndani ya kiganja chake, na akavuta, kidogo tu, hadi kikombe cha mwalimu mkuu kikamwagikia taarifa.

"Samahani," alisema. "Ni malezi."

Afisa aliuliza kama mtoto mwenyewe anaweza kuitwa aonekane. Mwalimu mkuu alisema, huku akifuta chai, kwamba kwa bahati mbaya hayupo shuleni. Hakusema nani aliyemfukuza. Afisa alitazama saa. Alikuwa na shule nyingine mbele, na mbele ya macho yake kulikuwa na kiapo cha kiongozi upande mmoja na hasira ya kikongwe upande mwingine. Akashusha pumzi. Akasema basi, wajumbe waamue.

"Wanaokubali asifanye mtihani," diwani alisema, na mkono wake ndio ulionyooka kwanza. Wa mwalimu mkuu ukafuata. Mkono wa fundi viatu ukaanza kupanda, taratibu, kama unavutwa na uzi, bila mwenyewe kuinua kichwa.

Simu ikaita.

Diwani hakuitazama. Alijua ni nani. Alimwambia afisa kwa tabasamu, huyo ndiye mheshimiwa mbunge, amepiga wakati mzuri. Akaisukuma simu katikati ya meza ili salamu zimfikie kila mtu, akaibonyeza, akaegemea kiti.

"Mheshimiwa wetu!" alisema.

"Mheshimiwa wako nani?" simu ikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nene, na nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika. "Watoto wangu wako wapi?"

Mkono wa diwani uliruka ukaikata simu kabla mwenyewe hajanyooka kwenye kiti.

"Namba ya kukosea," alisema. "Watu siku hizi wanapiga ovyo."

Ikaita tena. Safari hii mkono wa afisa ulitangulia, umelala juu ya simu kwa utulivu. Alisema labda sasa atampata anayemtafuta, na akabonyeza yeye.

"Mnono! Umenikatia simu mimi?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Diwani, ambaye walipooana alikuwa bado mwembamba, akaanza kulowa shingoni.

"Mnono, nasikia unapumua. Mashuka ya hospitali yamejaa hadi mlangoni, wale wasichana wa darasa la mwisho ndio waliokwisha kuijua kazi, na wewe unawachukua kimyakimya unampelekea yule mjane wa kule kilimani? Nimeambiwa yote. Anafua kuliko mimi? Au kuna kingine anachokufulia?"

Kulikuwa na njia mbili tu mbele ya diwani, na alionekana anazitazama zote. Angeweza kunyamaza, afisa asipate la zaidi. Au angeweza kujitetea kwa mkewe. Alimtazama afisa elimu, mwenye cheo cha wilaya nzima. Kisha akaitazama simu. Na kila aliyekuwepo akaona anamwogopa nani zaidi.

"Mama, wewe, nisikilize," alisema, ameikumbatia meza. "Hakuna mjane. Nakuapia kwa Mungu hawajaenda popote. Wako hapa darasani, nimewafungia leo tu kwa ajili ya huyu afisa. Akishaondoka, kesho asubuhi utawapata wote, kama kawaida."

Alipofika kwenye "kama kawaida" alisikia alichokisema. Lakini neno likitoka halina mkia wa kulishikia.

Mkono wa fundi viatu ukashuka. Kisha ukapanda ukampiga mwenyewe paji la uso.

Afisa alivua miwani. Bila miwani hakuwa na uso wa uchovu hata kidogo. Alimwambia mwalimu mkuu aandike, na mwalimu mkuu akaandika juu ya karatasi iliyolowa: msichana arudi darasani leo, atafanya mtihani, na mikono yake itaonwa na daktari kabla jua halijazama. Hakuna mtoto atakayevuka lango lile tena. Kesho asubuhi yeye mwenyewe atakuwa pale kwa Mama Povu, halafu karakana, na mlinzi asije akafiwa. Kuhusu kiapo cha mwenyekiti, watazungumza mahali pengine, penye watu wa kusikiliza viapo.

Ghadhabu ya diwani ilitafuta pa kwenda, ikaangukia simu.

"Mama, ni nani? Ni nani aliyekujaza huo upuuzi wa mjane?"

"Na ukimjua utamfanya nini?" Mama Povu alisema, na spika ikamtoa vizuri sana, neno kwa neno. "Bibi mmoja mwembamba, ana mvi, mjukuu wake alikuwa akifua hapa. Kaja asubuhi. Karuka mtaro wangu ule mpana kama mbuzi, kaninong'oneza, karuka tena kaenda zake. Sijaona mzee mwenye magoti kama yale."

Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Bi Kimya alikuwa ameshaketi, tena vizuri, mguu umelazwa kitini juu ya koti la fundi viatu.

Afisa elimu alirudisha miwani yake usoni.

"Bibi," aliuliza, "ni goti lipi vile lililokushika njiani?"

Bi Kimya akatazama la kushoto. Akatazama la kulia. Kisha, mbele ya mashahidi, akanyamaza.